Kabla ya begi: kujiandaa kwa safari ya meli kutoka joto la Rio hadi barafu ya Antaktika

Mtu akisikia safari ya meli inayoanzia kwenye joto na kupita kwenye barafu, swali la kwanza analouliza ni la nguo. Mimi nalo naliweka nyuma kabisa. Koti ukilikosa, bandari za njiani kabla ya barafu zitakuuzia. Lakini viza ya kuingia mara mbili, dawa ya presha unayoizoea, bima inayoitambua Antaktika, hivyo ukishavikosa na meli ikang'oa nanga, basi tena. Maandalizi yetu yote tuliyapanga kwa kigezo hicho: kisichoweza kurekebishwa baharini kikatangulia.

Nilisafiri na shangazi yangu, mama aliyevuka miaka sabini, mwenye presha, magoti mazito na hamu ya kuona barafu aliyokaa nayo tangu ujana wake. Tulipanda meli Rio de Janeiro katikati ya kiangazi cha kusini, tukapita Montevideo na Buenos Aires, tukashika njia ya Visiwa vya Falkland, tukavuka hadi Rasi ya Antaktika, kisha Ushuaia, Rasi ya Horn, Punta Arenas na ile milangobahari ya Chile, mpaka bandari ya San Antonio iliyo upande wa Santiago. Ni zaidi ya wiki tatu baharini. Msimu wa safari hizi huanza Novemba na kuisha Machi, na ndani ya miezi hiyo ndimo kila kitu kinapopangwa.

Uamuzi mkubwa kuliko yote tuliufanya mwaka mzima kabla: tunataka kukanyaga Antaktika, au kuitazama kutoka melini? Wengi hawajui kwamba ukubwa wa meli ndio unaojibu swali hili. Waendeshaji wa utalii wa Antaktika wana umoja wao, IAATO, ulioanzishwa mwaka 1991, na kwa taratibu zao meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Meli ndogo zinazoshusha haziruhusiwi kuwa na watu zaidi ya 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Kwa hiyo ukipanda meli kubwa yenye kumbi na mabwawa ya kuogelea, utaiona Antaktika kutoka sitahani tu. Ukitaka kutembea kati ya pengwini, tafuta meli ndogo, na ujue kwamba utashushwa kwa boti ya mpira, utaingiza mguu majini, na utapanda ngazi ya meli huku boti inapanda na kushuka na wimbi.

Shangazi alinisikiliza nikimweleza yote hayo, akanikata: "Mwanangu, magoti yangu hayawezi kuruka na boti ya mpira. Nipeleke mahali nikakae nitazame." Hapo mambo mengi yalikwisha palepale. Hatukuhitaji mabuti ya mpira wala suruali nzito za kuketia kwenye boti. Tulihitaji chumba kilicho katikati ya meli, ghorofa za chini, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayoyumba kidogo zaidi. Wanaoshuka wana kazi yao nyingine: kusafisha viatu, mifuko, na hasa vile vifungo vya kunatana vya nguo, mbegu na udongo wa bara jingine visifike kule. Tangu homa kali ya mafua ya ndege ilipofika eneo hilo, masharti yamezidi kukazwa. Hukai wala kupiga goti kwenye theluji karibu na wanyama, na pengwini unamwachia nafasi ya mita 5 kwa uchache.

Baada ya hapo, karatasi. Njia kama hii ina jambo linalowapita wengi: meli huingia Argentina, hutoka, kisha huingia tena. Buenos Aires ni kuingia kwa kwanza. Ukienda Falkland na Antaktika umeshatoka. Ushuaia ni kuingia kwa pili. Kama pasipoti yako inahitaji viza, ile ya kuingia mara moja haitakufikisha. Tuliichukua ramani ya safari, tukaandika kila bandari na nchi yake kwa mpangilio, tukahesabu mara za kuingia, ndipo tukaenda kuomba. Pasipoti iwe na miezi sita mbele baada ya tarehe ya kurudi, siyo tarehe ya kuondoka. Na kwa kuwa melini pasipoti mara nyingi huchukuliwa na kuwekwa na ofisi ya meli, beba nakala mbili za karatasi, moja kwako na moja kwa mwenzako.

Homa ya manjano ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu. Brazili ina maeneo yenye ugonjwa huo, na cheti cha chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mtu hachomwi wiki ya kusafiri. Aliyekwisha kuchanjwa hana shida: tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote. Lakini chanjo yenyewe ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu aliyevuka miaka sitini anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ni kubwa zaidi. Daktari wa shangazi alizipima pande zote mbili, akaamua asimchanje, akamwandikia barua rasmi ya msamaha. Nasi tukaipeleka barua hiyo kwa kampuni ya meli mapema, tukasubiri jibu lao kwa maandishi. Nawasihi walio na wazee: ianzeni hatua hii miezi kadhaa kabla, kwa sababu jibu linaweza kubadilisha njia mtakayochagua.

Dawa zilikwenda kwenye mkoba wa mkononi, katika maboksi yake ya asili, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitabibu badala ya majina ya biashara. Duka la dawa la nchi nyingine halijui jina la biashara la kwenu. Tulibeba za wiki mbili zaidi ya safari. Meli ina zahanati na daktari, wanajua kazi yao, lakini kabati lao ni la dharura. Halikuwekwa kwa ajili ya kumaliza mwezi wa mtu mwenye presha.

Kisha bima. Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Mtu akizidiwa karibu na Rasi ya Antaktika, hakuna helikopta ya kuja kumchukua kutoka mjini. Meli hugeuza, hutafuta Kisiwa cha King George, ambako Chile ina uwanja wa ndege wa changarawe, na hapo mgonjwa husubiri ndege ya kwenda Punta Arenas. Ndege hiyo huruka hali ya hewa ikiruhusu; ukungu ukishuka, kila mtu anangoja. Gharama ya kuhamishwa namna hiyo ni kubwa mno. Bima nyingi za kawaida hukataa Antaktika bila kuisema kwa sauti, zinaificha kwenye maandishi madogo. Tuliwaandikia watoa bima swali moja la moja kwa moja: je, mnamlipia mgonjwa anayehamishwa kutoka kusini ya latitudo 60, yaani eneo la Antaktika? Aliyejibu ndiyo kwa maandishi ndiye tuliyemlipa.

Sasa nguo, kwa kuwa najua ndizo zinazosubiriwa. Rio mwezi wa Januari joto hupita nyuzi 30 bila shida. Pwani ya Rasi ya Antaktika, mwezi huohuo, huwa karibu na sifuri, juu kidogo au chini kidogo. Mtu aliyezoea kusikia habari za ncha ya kusini hushangaa: sifuri tu? Ndiyo, sifuri, maana ile baridi ya kutisha inayosimuliwa ni ya majira ya baridi na ya ndani ya bara. Kinachokuumiza juu ya sitaha ni upepo. Sifuri yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili huihisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Na meli yenyewe hutengeneza upepo wake: ikienda kilomita 30 kwa saa kwenye hewa tulivu, wewe uliyesimama omo, mbele kabisa ya meli, unapigwa na upepo wa kilomita 30. Ndiyo maana sikununua koti nene la manyoya. Nilinunua koti jepesi lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia yake, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya vingine.

Chini ya koti hilo ni tabaka. Inayogusa ngozi iwe ya sufu laini ya merino au ya polista, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa nayo, na jasho lililopoa mgongoni ni adui kuliko theluji. Juu yake flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya laini kinachotunza joto. Juu ya flisi, koti la upepo. Ukiingia ndani ya meli, ambamo kuna joto la chumba cha kawaida, unavua mbili na kubaki na moja. Shangazi alipenda sana urahisi huo. Sweta moja nene lingemlazimisha achague kati ya kutetemeka nje na kuloa jasho ndani.

Na hapa ndipo joto na baridi vinapokutana kwenye begi moja. Shati jepesi la mikono mirefu tulilovaa Rio na Montevideo, kwa ajili ya jua na mbu wanaoeneza dengi, ambao huuma mchana, ndilo lililokuwa tabaka la kati kule kusini. Fulana ya sufu nyembamba haichomi kwenye joto kama watu wanavyodhani. Tulilala nayo hata Buenos Aires. Kila nguo iliyoingia begini niliiuliza kazi yake katika pande zote mbili, na iliyokuwa na upande mmoja tu ilipaswa kujitetea. Kofia ya sufu ilijitetea. Glavu pia, jozi mbili: nyembamba za ndani zinazoruhusu kubonyeza kamera, na nene za kuvaa juu yake. Skafu haikupita, maana upepo huivuta na kuipeperusha. Badala yake tulichukua kitambaa cha mviringo kinachovaliwa shingoni na kuvutwa hadi puani. Nguo za wiki moja zilitosha, kwa kuwa melini kuna mahali pa kufua.

Miguu ina kanuni inayowatatiza watu. Soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana huongeza baridi, kwa sababu damu haifiki vidoleni. Soksi moja ya sufu na kiatu chenye nafasi hushinda. Kiatu chenyewe kiwe na soli ya mpira inayoshika, maana sitaha huloa.

Pasi na zile soketi za waya mrefu zenye kuzuia umeme unaopanda ghafla ziacheni nyumbani. Melini huzuiwa kwa hofu ya moto, na zitachukuliwa mlangoni. Darubini chukueni ya kukuza mara 8. Ya mara 12 inavutia dukani, lakini kwenye meli inayotikisika hukuza pia mtikisiko wa mikono, na nyangumi anakuwa ukungu. Miwani ya jua ni ya lazima hata siku ya mawingu: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza, na ngozi ya chini ya kidevu na ndani ya pua, ambayo haijawahi kuungua maishani, inaungua kule. Chukueni pia kitambaa cha kufunika macho, kwa kuwa usiku wa kiangazi karibu hauji.

Tulifika Rio siku kadhaa kabla ya meli kuondoka, na siku hizo naziona kuwa sehemu ya maandalizi, si anasa. Ndege ikichelewa meli haikungojei. Begi likipotea, unahitaji muda wa kulipata kabla ya kuelekea mahali ambapo haliwezi kukufuata.

Kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya South Shetland, vilivyo karibu na Rasi ya Antaktika, kuna Mlango wa Drake, upana wa kilomita 800 hivi, na meli huchukua karibu siku mbili kuuvuka. Katika latitudo hizo hakuna nchi kavu inayouzuia upepo kuzunguka dunia nzima, wala inayouzuia mkondo wa bahari unaozunguka Antaktika; vyote viwili hulazimika kujibana kupita hapo. Huweza kuwa shwari. Huweza pia meli ikaenda mrama usiku kucha mpaka viatu vikavuka chumba. Huwezi kujua utakayopewa, kwa hiyo unajiandaa kwa ile mbaya.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya mawimbi. Ukisubiri utapike, tumbo halipokei tena. Wengi hutumia kile kibandiko cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio saa 4 au zaidi kabla, nacho hufanya kazi kwa siku tatu. Ni kizuri, lakini si cha kila mtu: mwenye presha ya macho ya aina fulani hakifai, na kwa wazee kinaweza kuleta kuchanganyikiwa na kuzuia mkojo. Daktari alimkataza shangazi, akampa vidonge vya namna nyingine avijaribu nyumbani kabla ya safari, tuone kama vinamlaza. Kulijua hilo tukiwa nchi kavu kulinipa utulivu mkubwa. Zaidi ya dawa, hewa safi, jicho kwenye upeo wa macho, na chakula kikavu kidogo kidogo. Tumbo tupu huzidisha.

Kwenye mrama, ajali nyingi hazitokani na mawimbi yenyewe. Ni milango mizito inayojifunga juu ya vidole, ni mtu aliyebeba chai mikono miwili. Shangazi alikuwa amefanya mazoezi ya ngazi kila jioni kwa miezi, taratibu, akishika reli, na naamini ndiyo maandalizi yaliyomsaidia kuliko kitu chochote nilichomnunulia. Usiku wa Drake alitembea ukumbini akitelezesha mkono ukutani, hatua fupi, akiwasalimia vijana waliolala kwenye viti wamefumba macho.

Huko njiani maji hubadilika. Kuna mstari ambapo maji baridi ya Antaktika hupiga mbizi chini ya maji ya kaskazini yenye joto zaidi, na joto la bahari hushuka nyuzi kadhaa ndani ya masafa mafupi. Ukungu ulituingia, albatrosi, wale ndege wakubwa wa baharini, wakaongezeka nyuma ya meli, na asubuhi iliyofuata glavu zilikuwa za lazima. Ziwekeni mahali pa kufikiwa tangu mnaondoka Falkland, msije mkalifungua begi zima chini ya kitanda wakati nyangumi wanapita.

Ndani ya Mlangobahari wa Gerlache na Ghuba ya Paradise, kwenye pwani ya Rasi ya Antaktika, meli hupunguza mwendo na karibu kila abiria hutoka nje. Tulijifunza haraka kuhamia demanini, upande ambao meli yenyewe inakukinga na upepo. Watu wengi husongamana omo, wanapigwa na upepo, na baada ya robo saa wanakimbilia ndani. Shangazi alikaa nje muda mrefu kuliko wao, kwenye kona moja nyuma ya ukuta, blanketi miguuni. Tuliambiwa tusitoke na karatasi laini, vikombe wala chochote kinachoweza kupeperuka, na nilifurahi kuona watu wakilitii hilo kwa moyo. Betri za kamera huisha upesi kwenye baridi. Weka ya akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na kabla ya kuingia ndani funga kamera kwenye mfuko wa plastiki, iache ipate joto taratibu humo, vinginevyo unyevu wa chumba utatua kama umande kwenye lenzi na ndani yake.

Kuna andalizi moja ambalo halibebwi begini: kukubali kwamba ratiba ni nia tu. Stanley, mji mkuu wa Falkland, meli kubwa hazifungi gatini. Abiria hupelekwa kwa boti, na upepo ukizidi nahodha hufuta. Kwetu alifuta. Waliokuwa wamelipia gari la kwenda kuona pengwini bila kupitia kwa meli walipoteza muda mwingi kudai pesa zao. Nilikuwa nimemwambia shangazi tangu mwanzo kwamba bandari moja au mbili huenda tusizione, na tulizipanga hamu zetu hivyo. Alipolisikia tangazo alisema tu, "Nahodha anajua bahari yake," akaagiza supu. Ukiweka nafsi yako yote kwenye bandari moja, chagua njia yenye nafasi mbili za kuifikia.

Sabuni na maji kabla ya kila mlo, hilo nalo lisisahaulike. Virusi vya kuharisha na kutapika vinavyoenea melini havisikii sana dawa ya mikono yenye spiriti kama vinavyosikia kuoshwa.

Kule Chile, mwisho wa safari, wakaguzi wa kilimo hawana mchezo. Matunda, mbegu, asali, hata tufaa ulilochukua mezani asubuhi, vyote hutangazwa kwenye fomu au huachwa melini, na asiyetangaza hutozwa faini. Usiku wa kuamkia kushuka, mabegi makubwa hukusanywa nje ya vyumba. Bakiza dawa, pasipoti, viatu na nguo nyepesi ya asubuhi, kwa sababu nje ya lango la bandari ni kiangazi tena na yale makoti yote tayari yameshatangulia gatini.